Umestaafu na unataka kuwafundisha wakimbizi Kiingereza? Anzia hapa

Kila kwenye harusi au msiba wa Waswahili hapa Kentucky, Marekani, lazima mtu mzima mmoja anivute pembeni. "Dada, nasikia unawafundisha Wakongo Kiingereza. Na mimi nimestaafu, nashinda nyumbani na televisheni. Nifanyeje?" Halafu yanafuata maswali yale yale. Mpaka niwe nimesomea ualimu? Na hii lafudhi yangu? Kuna malipo? Pensheni haitaguswa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye foleni ya pilau, kwa hiyo nayaandika hapa yote.

Majibu ya haraka kwanza. Cheti cha ualimu hakihitajiki. Mimi mwenyewe nilikuwa mhudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huu ni mwaka wa sita nasimama mbele ya ubao jioni mbili kwa wiki. Lafudhi si kilema. Mwanafunzi mpya anakuelewa wewe upesi kuliko anavyomwelewa Mmarekani anayemeza nusu ya maneno. Malipo hakuna. Social Security, yaani pensheni ya serikali ya hapa, haiguswi, maana kazi isiyolipwa haihesabiwi kama mshahara. Ukijaza kodi kwa kuorodhesha makato, unaruhusiwa kudai senti 14 kwa kila maili unayoendesha gari kwenda kujitolea kwenye shirika la hisani. Sijawahi kuhangaika nazo, ila wewe ukitaka, weka daftari la maili.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Marekani, na hasa ni kwa anayefundisha watu wazima wa Kongo waliopitia kambi za Nyarugusu kule Kigoma, Nakivale kule Uganda au Kakuma kule Kenya. Kuanzia Januari 2025 upokeaji wa wakimbizi wapya ulisimamishwa, na wanaoingia sasa ni wachache sana. Usidhani kazi imekwisha. Waliofika miaka mitano, sita iliyopita waliingizwa viwandani na maghalani kabla hawajajua kusoma kibao cha basi, na wengi ndio kwanza wanapata nafasi ya kukaa darasani.

KABLA YA KUANZA

Tafuta mahali penye mpango tayari: maktaba ya mji, shirika linalopokea wakimbizi, chuo cha jamii, au kanisa lenye darasa la jioni. Usianzishe darasa sebuleni kwako. Watakupima kwanza: fomu, uhakiki wa rekodi za jinai, pengine na saa kadhaa za mafunzo. Watu wazima wengine huona hilo ni dharau. "Mimi na mvi hizi nichunguzwe?" Chunguzwa tu. Hao wanafunzi wameshaibiwa na watu wengi waliojiita wasaidizi, na uchunguzi huo ni kwa ajili yao.

Vitu vya kuwa navyo kwenye mfuko:

- ubao mweupe mdogo wa mkononi na kalamu zake;
- penseli, kifutio, na daftari zenye mistari mipana;
- saa ya ukutani ya mishale, hata kama imekufa, mradi mishale inazungushika kwa kidole;
- kalenda kubwa;
- vipeperushi vya bei vya supamaketi, vile vinavyotupwa mlangoni kila wiki;
- bahasha halisi: bili ya umeme, barua ya shule, kadi ya miadi ya kliniki. Futa majina na namba za watu.

Kitabu cha kiada utapewa na mpango. Kipokee kwa heshima, halafu usiwe mtumwa wake.

HATUA KWA HATUA

1. Kaa nyuma kwanza.

Omba kuhudhuria vipindi viwili bila kufundisha. Tazama nani anaandika, nani anamwigiza anayeandika, nani anasinzia kwa sababu ametoka zamu ya usiku. Hesabu pia mwalimu anaongea dakika ngapi na wanafunzi wanaongea ngapi. Utashtuka.

2. Mjue mwanafunzi kabla hujafungua kitabu.

Hapa ndipo sisi Waswahili tunapowashinda wenzetu wote. Kaa naye dakika kumi, kwa Kiswahili, umuulize: alisoma mpaka wapi, anafanya zamu gani, nani anabaki na watoto, na wiki hii Kiingereza kimemkwamisha wapi. Hilo la mwisho ndilo somo lako la kwanza.

Jua kwamba Kiswahili chake si chako. Atakwambia "miye", atasema "bintu" na "bantu", pesa ataziita "franga", shule ni "masomo", na miadi ni "randevu". Usimsahihishe. Hakuja kujifunza Kiswahili cha Tanga. Nawe muite kama wanavyoitana wao, Mama fulani na Papa fulani. Mwanaume wa miaka hamsini ukimuita jina tupu kwa mtindo wa Kimarekani, ataitika, ila moyoni utakuwa umempoteza.

Mara nyingi utakuta watu wa namna tatu darasa moja: aliyesoma kwa Kifaransa mpaka sekondari, anayesoma Kiswahili kwa sababu ya Biblia, na ambaye hajawahi kushika penseli. Usiwape kazi moja.

Onyo moja. Kitabu chochote cha mwanzo kina somo la familia: una kaka wangapi, una watoto wangapi. Nililifundisha wiki yangu ya pili, kwa furaha kabisa. Mama mmoja alinyoosha vidole sita, akavitazama, akakunja viwili, akanyamaza. Siku hizi natumia picha ya familia ya kubuni tu. Ya vita na safari usiulize; akitaka kusema, atasema.

3. Kiwekee Kiswahili mipaka.

Faida yako kubwa ndiyo mtego wako mkubwa. Ukijua lugha yao utatafsiri kila kitu, wao watatikisa kichwa, nyote mtarudi nyumbani mmefurahi na hakuna aliyefungua kinywa kwa Kiingereza. Mimi natumia Kiswahili mara mbili: dakika tano za mwanzo kueleza leo tunafanya nini na kwa nini, na dakika tano za mwisho kwa maswali. Katikati ni Kiingereza, mikono, picha na kuchora vibaya ubaoni. Kama kuna Mburma au Mwafghani darasani, kanuni hii ni ya haki pia. Ukiporomosha Kiswahili dakika ishirini, yeye anakaa kama mzigo uliosahaulika stendi.

Ukiuliza swali, nyamaza. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Kumi ni ndefu sana unapoihesabu mbele za watu, lakini jibu hutoka kwenye saba au nane.

4. Fundisha kukataa kabla ya alfabeti.

Hii ndiyo hatua ninayoigombania kuliko zote. Watu wetu wamelelewa kumwitikia mkubwa. Mwalimu akisema, jibu ni ndiyo. Hapa "yes" ya adabu inaleta hasara. Mzee mmoja wa darasani kwangu alipigiwa na kampuni ya simu, akaongeleshwa kwa kasi, akaitikia "yes" kila walipopumua. Wiki iliyofuata akapokea simu mbili mpya na mkataba wa miaka miwili.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya A, B, C, watoke na sentensi nne kinywani:

"I don't understand."
"Say it again, please."
"Slowly, please."
"No, thank you."

Zifanyie mazoezi kwa mchezo. Wewe uwe mtu wa simu: ongea upesi, kwa sauti ya kuuza, bila kuvuta pumzi. Mwanafunzi akisema "yes" darasa zima linagonga meza. Watacheka, na watajifunza. Halafu wiki zote zinazofuata, katikati ya somo lolote, chomekea swali lisilo na maana uone nani anaitikia. Na uache kabisa kuuliza "Mmeelewa?" Jibu lake ni ndiyo siku zote. Badala yake sema: nionyeshe, chora mduara, nenda ukasimame mlangoni.

5. Rekebisha saa na tarehe mapema.

Aliyeishi Nyarugusu amezoea saa za Kiswahili kama wewe na mimi. Kadi ya kliniki imeandikwa 8:00. Mwanafunzi wangu aliisoma saa nane, akaomba ruhusa kazini, akafika saa nane mchana juu ya alama. Miadi yake ilikuwa saa mbili asubuhi. Akapangiwa tarehe nyingine, wiki tano mbele, na jino linauma.

Chukua ile saa yako mbovu. Weka mshale kwenye nane. Uliza kwa Kiswahili: tunasomaje? Saa mbili. Sasa onyesha kwa kidole namba yenyewe iliyochapwa: "eight". Kanuni ninayowapa ni hii: kwa Kiingereza soma namba unayoiona, usihesabu. Fanya hivyo na saa kumi na mbili zote, kisha ongeza AM na PM kwa picha ya jogoo na picha ya mwezi.

Tarehe ni mtego wa pili. Hapa mwezi unatangulia: 03/04 ni Machi 4, si Aprili 3. Wape kalenda, waweke kidole penyewe. Na tarehe ya kuzaliwa wasome ile iliyo kwenye karatasi zao. Wengi wameandikiwa Januari 1 kwa sababu hakuna aliyeijua siku halisi, na baadhi huona aibu wakajaribu kuisahihisha mbele ya karani. Waambie wazi: ofisini, tarehe yako ni ya kwenye kadi.

6. Somo moja, jambo moja.

Kwa kipindi cha dakika tisini mimi huenda hivi. Salamu na marudio ya juzi, dakika kumi na tano. Neno jipya kwa kitu halisi mkononi, maneno manane hadi kumi, si zaidi. Mazungumzo ya mistari minne ubaoni, tunayasoma pamoja, kisha nafuta neno moja moja mpaka ubao unabaki mtupu na wao bado wanayasema. Halafu wawili wawili. Mwisho, kazi ya kutumia nje: kesho mwambie dereva wa basi "Good morning", Jumamosi muulize mtu wa supamaketi maharage yako wapi. Kipindi kijacho tunaanza na ripoti. Hizo ripoti ndizo kipimo changu, wala si mitihani ya kitabu.

Kwenye bei, fundisha 15 na 50 pamoja, 13 na 30, 14 na 40, maana sikio haliwezi kuzitenganisha miezi ya mwanzo. Dawa yake ni kutamka tarakimu: "one-five", "five-zero". Mwanafunzi akimwambia hivyo mwenye nyumba au karani, hakuna anayekosea.

Kwenye matamshi nasumbuka na machache tu. Irabu fupi na ndefu, kwa sababu "I live here" na "I leave here" ni mambo mawili tofauti mbele ya mwenye nyumba. Neno linaloishia na konsonanti, maana sisi sote tunapenda kulimalizia na irabu, "bus" inakuwa "basi". Na "he" na "she", ambazo kwetu ni "yeye" mmoja. Mama akimwambia daktari "my husband, she is sick", msahihishe kwa upole kila mara, kwa kurudia sentensi ilivyo sahihi, bila hotuba.

7. Asiyejua kusoma, mpe muda wake.

Usimweke nyuma na usimpe kazi ya mwenziwe. Nakumbuka mama mmoja alivyoshika penseli siku ya kwanza: ngumi nzima, wima, kama mtu anayeshika mwiko wa ugali, na karatasi ikatoboka. Tulianza na mistari tu. Wima, mlalo, duara. Kutoka kushoto kwenda kulia, na hilo lenyewe ni somo, kwa sababu hakuna anayezaliwa akilijua. Wiki ya tatu jina lake. Alipoliandika bila kuangalia, alichukua lile karatasi akalikunja mara nne akalitia kwenye kitambaa cha pesa.

Baada ya jina ni namba za simu, anwani, na maneno anayoyaona kila siku: EXIT, STOP, PUSH, PULL, DANGER. Kisha muombe asimulie jambo fupi kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, wewe uandike kama anavyosema, umsomee, naye akusomee. "I work night. I am tired. My son cook rice." Hicho ndicho kitabu chake cha kwanza, na anakiweza kwa sababu maneno ni yake.

Kwa anayesoma Kiswahili, nina msimamo ambao walimu wenzangu hawaupendi: mwache aandike matamshi kwa Kiswahili pembeni, "ai dont andastendi". Miezi miwili tu. Baadaye daftari lenyewe litamchosha ataacha.

8. Uraia, ukifika huko.

Mkimbizi huomba kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, baada ya mwaka mmoja, na ukaazi wake huhesabiwa kuanzia siku alipoingia nchini. Miaka mitano ikitimia anaruhusiwa kuomba uraia. Hapo darasa linajaa. Mtihani una sehemu za kuzungumza, kusoma, kuandika na maswali ya historia na serikali. Kusoma: apatie sentensi moja kati ya tatu. Kuandika: vivyo hivyo. Kwenye maswali, angalia tarehe aliyoombea. Walioomba kabla ya Oktoba 20, 2025 wanajifunza maswali 100, wanaulizwa mpaka 10, wanapaswa kupata 6. Walioomba siku hiyo au baadaye wana orodha ya 128, wanaulizwa mpaka 20, wapate 12. Madaftari ya zamani yanazagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Usimkaririshe mtu orodha isiyo yake.

Wazee wana nafuu. Mwenye miaka 50 na ukaazi wa miaka 20, au miaka 55 na ukaazi wa miaka 15, hafanyi ule wa Kiingereza na anajibu ya uraia kwa lugha yake.

Lakini wengi hawaangushwi na jina la rais. Wanaangushwa na ile fomu yenyewe ya kuombea uraia, maswali yake yanayoanza na "Have you ever". Ofisa anauliza kama umewahi kufungwa, kama umewahi kujiunga na kundi la magaidi, na mtu wetu, kwa adabu zake zote, anasema "yes". Ndiyo maana nilikwambia hatua ya nne ninaigombania. Kaa naye swali kwa swali, aweze kusema kwa maneno yake kila swali linauliza nini, na asipoelewa aseme hajaelewa.

Ila fomu usimjazie, na usimshauri ajibu nini. Hiyo ni kazi ya wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Kosa dogo ulilolifanya kwa wema linaweza kumletea kesi.

MAKOSA NINAYOYAONA KWA WAANZAO

Kugeuka mkalimani, dereva na mkopeshaji. Akikuletea barua, isomeni pamoja darasani iwe somo. Miadi ya hospitali ana haki ya mkalimani, mfundishe kusema "Swahili interpreter, please".

Kuweka picha zao kwenye status. Wapo wanaotafutwa na watu waliowakimbia. Usipige kabisa.

Kuwafundisha kama watoto: nyimbo za chekechea, stika za nyota. Huyu mtu amelima ekari, amezika, amevusha familia ziwa usiku.

Kuhubiri. Hata kama darasa liko chini ya kanisa.

MAMBO YAKIKWAMA

Darasa lina watu kumi na wawili leo, watatu keshokutwa. Si kwamba hawakupendi. Zamu zimebadilishwa, au mtoto anaumwa, au theluji imeanguka na basi halipiti. Panga kila somo lijitegemee, na watumie waliokosa ujumbe wa sauti wa dakika moja wenye maneno ya siku hiyo.

Mwanafunzi mmoja anajibu kwa niaba ya wote. Kwa kawaida ni yule wa sekondari ya Kifaransa. Mpe kazi: awe karani wa ubao, au amsikilize mwenziwe akisoma. Akitaka zaidi, mwombee darasa la juu.

Mume hataki mke ahudhurie, au mke anakuja na watoto wanne. La pili ni rahisi: meza ya pembeni, kalamu za rangi. La kwanza usilitatue mwenyewe. Zungumza na mratibu, na pengine mama mwingine wa jamii yao.

Miezi mitatu imepita na haongei. Muulize anaongea na nani kwa Kiingereza nje ya darasa. Mara nyingi ni hakuna: kazini Waswahili, kanisani Waswahili, nyumbani watoto ndio wanaomtafsiria. Mpe mtu mmoja wa kumsalimia kila siku, dereva au jirani, na umdai ripoti.

Anakupigia simu usiku. Jibu mara moja, hakikisha si dharura, kisha kesho yake mweleze saa zako. Dharura ni 911, na hilo mmeshalifanyia mazoezi: anwani kwanza, tatizo baadaye.

Wewe mwenyewe umechoka, au mgongo umegoma, au mtoto wako wa Dallas anataka umlelee mjukuu miezi miwili. Nenda. Ila usipotee kimyakimya, maana hawa wameshaachwa na watu wengi bila kwaheri. Mwambie mratibu mapema apate mbadala, na siku ya mwisho andika ubaoni tarehe utakayorudi, mwezi ukitangulia, kisha waambie wakusomee.